Umeshika Funguo za Watu: Namna ya Kuchagua Programu ya Kuingilia Seva

Ndugu mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, na nyinyi wadogo zangu mliokaa nyuma mkidhani siwaoni: shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo naulizwa karibu kila wiki. Mtu kapata kazi yake ya kwanza, kapewa anwani ya seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha kazi za ofisi, pamoja na jina na nywila. Anarudi mezani kwake, anafungua kompyuta, halafu ananiandikia: "Kaka, niingilie kwa programu ipi? PuTTY, MobaXterm, au kuna nyingine kali zaidi?" Swali ni zuri. Ila muulizaji huwa anataka nimtajie yenye rangi za kuvutia na vichupo vingi, imfanye aonekane kama wale jamaa wa kwenye sinema.

Mimi namrudishia swali: hiyo nywila uliyopewa ni ya nani? Ananijibu, ya ofisi. Basi. Programu utakayochagua ndiyo itakayoipokea hiyo nywila kabla ya mtu mwingine yeyote. Itaiona ikiwa uchi, herufi kwa herufi, jinsi vidole vyako vinavyoigonga. Ni kama mlinzi unayemkabidhi funguo za nyumba ya mwajiri wako. Ukitafuta mlinzi huanzi na rangi ya sare. Unauliza katoka wapi, nani anamjua, na usiku mwizi akigonga geti atafanya nini.

Kwanza niwarudishe nyuma kidogo. Zamani watu waliingia kwenye seva kwa telnet. Telnet ilikuwa inapeleka kila kitu wazi, pamoja na nywila. Ni sawa na mtu anayetaja namba yake ya siri ya M-Pesa kwa sauti ndani ya daladala iliyojaa. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki kule Finland, mtu aliweka chombo cha kunasia nywila kwenye mtandao wa chuo, akavuna maelfu. Mtafiti mmoja wa hapo, Tatu Ylönen, alikaa akaandika itifaki mpya, yaani kanuni za mawasiliano, inayosimba mazungumzo yote kati ya kompyuta yako na seva ili anayenasa njiani asiyaelewe. Akaiita SSH. Alipoomba poti rasmi, yaani namba ya mlango kwenye seva, alipewa 22, katikati ya FTP ya kuhamisha faili iliyokuwa 21 na telnet iliyokuwa 23, yaani itifaki zilezile alizotaka kuzistaafisha. Mwaka 1999 watu wa mradi wa OpenBSD wakatoa OpenSSH, ambayo ni huria, na hiyo ndiyo inayozunguka kwenye seva nyingi za Linux mpaka leo.

Kwa hiyo mkikuta swichi ya zamani ofisini bado inaingiliwa kwa telnet, msicheke. Badilisheni.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Jambo la kwanza litawaudhi: wengi wenu hamhitaji kupakua chochote. Mwenye Linux au Mac anajua tayari kwamba anafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, anaandika ssh, jina lake, alama ya @, anwani ya seva, anaingia. Wenye Windows ndio wanaohangaika kutafuta, wakati tangu mwaka 2018 Windows 10 inakuja na OpenSSH ndani yake. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingiza, kisha andika ssh peke yake uone kama inakujibu. Ikikujibu kwa kukuorodheshea vigezo vyake, unayo. Ukitaka sura nzuri na vichupo, kuna Windows Terminal, ya Microsoft wenyewe, bure, na kwenye Windows 11 imo tayari. Ni OpenSSH ileile iliyovalishwa nguo nzuri.

Faida yake kubwa ni faili moja dogo linaloitwa config, linalokaa kwenye folda ya .ssh. Humo unaandika kwamba seva ninayoiita duka anwani yake ni hii, jina langu ni hili, ufunguo wangu, lile faili la siri linaloniingiza badala ya nywila, ni ule. Kuanzia hapo unaandika "ssh duka" na umeingia. Faili hilo ukilichukua ukalipeleka kwenye kompyuta ya Linux au Mac linafanya kazi vilevile. Mkumbuke hilo, maana nitalirudia nikifika kwa PuTTY.

Na PuTTY nayo nisiisemee vibaya, imenilisha. Iliandikwa na Mwingereza Simon Tatham mwishoni mwa miaka ya 90, wakati Windows haikuwa na kitu cha maana cha kuingilia seva, na yeye na wenzake bado wanaitunza, bure, huria, bila matangazo. Ni faili dogo la megabaiti chache, unaliweka kwenye flashi, unalifungua bila kulisakinisha. Kisha inajua kitu ambacho OpenSSH haikijui: waya wa konsoli, unaounganisha kompyuta na kifaa moja kwa moja bila mtandao. Ukitumwa kijijini kwenye ruta iliyopoteza anwani yake, hakuna SSH itakayokufikisha. Unachomeka ule waya wa bluu, unaangalia Windows imeupa COM namba ngapi, unachagua Serial kwenye PuTTY, unaweka kasi ya 9600, unabonyeza kitufe cha kuingiza mara mbili, na ruta inakusalimia. Fundi wa mitandao asiyekuwa na PuTTY kwenye flashi yake mimi namshangaa.

Lakini ina tabia zake. Orodha ya seva zako haiko kwenye faili unaloliona; iko ndani ya rejista ya Windows, ghala lake la ndani la mipangilio. Siku kompyuta inaumwa, unanakili nyaraka zako, picha zako na miziki yako, unaweka Windows upya, unafungua PuTTY: ukurasa mtupu. Seva 40 ulizoziandika kwa miaka mitatu hazipo. Na funguo zake zina umbo lao, .ppk, ambalo OpenSSH hailisomi mpaka uzipitishe kwenye PuTTYgen uzibadilishe.

Tabia nyingine ndiyo iliyonitoa machozi. Kwenye PuTTY, ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya haikufungulii menyu kama programu nyingine. Inabandika. Chochote ulichonakili mara ya mwisho kinamwagika kwenye seva, na enzi zile kila mstari uliokuwa na mwisho wake ulitekelezwa palepale. Nilikuwa nimefungua madirisha mawili, seva ya majaribio na seva yenye kazi za watu, yote meusi, yote yenye maandishi ya kijivu, yamefanana kama Kurwa na Doto. Nilinakili amri tatu kutoka kwenye daftari langu la kazi. Ya tatu ilikuwa reboot, amri ya kuizima seva na kuiwasha upya. Nikabonyeza kulia nikijua niko kwenye majaribio.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi, watu wanaandaa mishahara. Ofisi siitaji, na wao naamini wameshanisamehe, au angalau yule mhasibu mkuu amestaafu. Zile dakika sita za kusubiri seva iamke nilizeeka.

Mnaona, nimeanza kwa kuwaambia rangi si hoja, sasa najipinga. Tangu siku hiyo kila seva yenye kazi za watu naiwekea rangi nyekundu iliyokoza nyuma ya maandishi, na ya majaribio kijani. Programu yoyote isiyoniruhusu kuipa kila seva rangi yake siitumii. PuTTY inaruhusu, Windows Terminal inaruhusu. Rangi ya urembo achaneni nayo. Rangi ya kukuonya itafuteni.

Sasa lile la mlinzi katoka wapi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mtu akitaka PuTTY anaandika jina kwenye Google na kubonyeza cha juu kabisa. Cha juu mara nyingi ni tangazo, na tangazo analipia yeyote. Wahalifu wamelipia matangazo ya namna hiyo mara kadhaa, wakaweka ukurasa uliofanana na halisi na PuTTY inayofanya kazi sawasawa, ila ndani ina kitu cha ziada. Mwaka 2015 kampuni ya Symantec ilitoa onyo juu ya PuTTY ya bandia iliyokuwa inapeleka nywila za watu kwa mwizi. Fikirieni ujanja wake: anayetafuta PuTTY karibu siku zote ana ufunguo wa seva mahali. Mwizi hana haja ya kuvizia watu milioni wanaoangalia video. Anavizia wachache walioshika funguo.

Basi fanyeni hivi. Ukurasa wa Simon Tatham uko kwenye chiark.greenend.org.uk, anwani mbaya ya kizamani isiyovutia hata kidogo, na ndiyo yenyewe. Ukishapakua, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye Properties, tafuta sehemu ya saini za kidijitali. Unatakiwa uone jina la Simon Tatham. Ukitaka uhakika zaidi, fungua cmd, andika certutil -hashfile putty.exe SHA256, kisha linganisha mkufu wa herufi utakaotokea na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wao. Ni kazi ya dakika moja na haili bando.

Kuna wanaosema, "Mimi natumia za kulipia, zenye kampuni nyuma yake, ziko salama." Nawapeni kisa. Mwaka 2017 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua kwamba matoleo ya Xshell, programu ya kampuni ya NetSarang inayouzwa kihalali, yalikuwa yametoka kiwandani yakiwa na mlango wa nyuma ndani. Saini ilikuwa halali ya kampuni, ukurasa ulikuwa halali wa kampuni, lakini mwizi alikuwa ameingia jikoni kabla chakula hakijapakuliwa. Kampuni ilipoambiwa ilitoa toleo safi haraka. Aliyesasisha alipona, aliyekaa na toleo lake "kwa sababu linafanya kazi" alibaki na mgeni ndani.

Hata PuTTY yenyewe iliteleza. Aprili 2024 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani walionyesha kwamba kuanzia toleo 0.68 mpaka 0.80, PuTTY ilikuwa ikitumia ufunguo wa aina ya P-521 vibaya, kiasi kwamba mtu akikusanya saini 60 hivi zilizotiwa kwa ufunguo huo anaweza kuukokotoa ufunguo wa siri wenyewe. WinSCP na FileZilla zinazoazima msimbo wa PuTTY ziliingia kwenye mkumbo. Dawa ilikuwa toleo 0.81, na kuutupa ufunguo ule wa zamani, maana toleo jipya haliponyi ufunguo uliokwisha kuvuja. Mimi kwa kisa hiki nikazidi kuwaamini wale jamaa. Walisema wazi, siku hiyohiyo, kwa lugha inayoeleweka, kosa ni letu, tupeni funguo zenu. Ukichagua programu nenda kasome jinsi wenyewe walivyotangaza makosa yao ya nyuma. Usipokuta kosa hata moja limetangazwa kwa miaka kumi, ujue wanaficha au hakuna anayekagua.

Na nyinyi wa kraki. Nawajua, na mimi nilikuwa mmoja wenu. SecureCRT, programu nyingine ya kulipia, iliyovunjwa leseni, umepewa kwenye flashi na rafiki aliyeitoa kwenye kundi la Telegram. Aliyeivunja ile leseni aliifungua programu, akabadilisha vitu ndani yake, akaifunga tena, na wewe sasa unaipa nywila ya ofisi. Kwa nini afanye kazi yote hiyo bure?

Ya usiku sasa. Mwizi akigonga geti, mlinzi afanye nini?

Mara ya kwanza unapoingia kwenye seva, programu inasimama na kukuambia haijawahi kuiona, inakuonyesha alama yake ya kidole, mkufu unaoanza na SHA256, inauliza uendelee au la. Nimekaa nyuma ya mafundi wengi nikiwatazama. Hakuna anayesoma. Wanaandika yes kama mtu anayesema "amina" kabla dua haijaisha. Sasa ikiwa katikati ya njia kuna mtu amejifanya ndiye seva, hilo swali ndilo lilikuwa geti lako la mwisho, na umemfungulia kwa mkono wako. Cha kufanya ni kumwomba aliyekupa nywila akupe na alama ya kidole ya seva, kwa njia nyingine, simu au karatasi. OpenSSH za sasa zinakuruhusu ubandike alama yenyewe badala ya kuandika yes. Ikilingana unaingia, isipolingana inakuuliza tena. Na ikitokea seva uliyoizoea mwaka mzima inakuja na alama mpya, programu itapiga kelele kweli. Labda seva imewekwa upya jana. Piga simu kwanza uulize ndipo ufute alama ya zamani. Kuna programu ndogondogo huko, hasa zinazojitangaza kuwa nyepesi, ambazo hazikuulizi chochote, zinaingia tu. Hizo ni walinzi waliolala.

Geti lingine ni mtandao wenyewe, na hapa kwetu tunalijua kuliko waandishi wa vitabu vya nje. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kule kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Nilikuwa na seva Ulaya. Ukigonga herufi unaenda kuchota maji, unarudi, ndiyo inatokea. Lakini hata bila waya kukatika kuna umeme, kuna kifurushi kinachoisha katikati ya amri, na kuna mitandao ya simu inayokukata ukikaa kimya dakika chache kwa kudhani umeondoka.

Kwa hilo la kukatwa ukikaa kimya dawa ni rahisi: kwenye config andika ServerAliveInterval 30, na kompyuta yako itaigusa seva kila nusu dakika. Kwenye PuTTY ni sehemu ya Connection, kuna kisanduku chenye sifuri, weka 30. Sijui kwa nini walikiacha na sifuri.

Kubwa zaidi ni kwamba muunganisho ukikatika, seva inaona mwenyewe kaondoka, na kwa kawaida inazima kila alichokuwa anakiendesha. Ukiwa katikati ya kuboresha hifadhidata, pole. Kwa hiyo ukiingia tu, kabla hujagusa kitu, andika tmux, programu inayoshikilia kazi yako kwenye seva hata ukikatika. Ikatike mara kumi, ukirudi unaandika tmux attach na unakuta kazi inaendelea, mistari iko palepale, kama mpishi aliyetoka nje kidogo na sufuria bado iko motoni. Hii haihusu programu uliyochagua kabisa, iko upande wa seva, na ndiyo itakayokuokoa kuliko programu yoyote nitakayoitaja hapa. Ikiwa mtandao wako ni wa kuyumba sana, itazameni Mosh, programu ya kuingilia seva iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2012. Inakuonyesha herufi unazogonga hapohapo bila kusubiri seva, na ukihama kutoka waifai ya ofisi kwenda bando la simu haikukati. Inataka isakinishwe kwenye seva pia, na ifunguliwe poti za UDP, njia nyingine ya kupitisha data, kuanzia 60000, kwa hiyo anayesimamia ukuta wa moto, ule unaozuia wasiotakiwa kwenye mtandao, mtamwomba vizuri.

Nyingine nitazipitia mbiombio. MobaXterm ni duka zima ndani ya programu moja: SSH, Mosh, faili upande wa kushoto unazoburuta kwa kipanya, hata madirisha ya Linux inayaonyesha. Toleo la bure linakupa nafasi ya kuhifadhi seva 12. Kwa anayeanza ni nzuri, ila ubaya wake anajifunza vitufe vya MobaXterm badala ya kujifunza SSH. WinSCP ni ya kuhamisha faili, na kwa hilo sijaona ya kuishinda kwenye Windows. Termius ni nzuri machoni na inakuwekea orodha ya seva zako kwenye simu na kompyuta kwa pamoja, maana yake orodha hiyo inapita kwenye mitambo ya watu wengine. Kama seva ina taarifa za wateja, muulize mwajiri wako kwanza. Tanzania tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019.

Mama mmoja hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza, vipi AnyDesk na TeamViewer? Hizo mama ni kitu kingine. Zinaleta picha ya skrini ya mtu, zinafaa ukitaka kumsaidia mhasibu aliyeko Mtwara ambaye printa yake imegoma. Lakini picha inakula bando, wakati SSH, herufi moja unayogonga haifiki hata nusu kilobaiti. Kwa bando la wiki la mwanafunzi unafanya kazi za seva mpaka lenyewe linaisha muda.

Mimi mwenyewe natumia nini? Windows Terminal na OpenSSH kwenye kompyuta ya kazi, ufunguo wa aina ya ed25519 wenye neno la siri juu yake, tmux kwenye kila seva, na PuTTY kwenye flashi pamoja na ule waya wa bluu.

Nimesema vya kutosha, na naona mwenyekiti anatazama saa. Fungueni kompyuta zenu. Ubaoni nimeandika anwani mbili za seva za majaribio, na pembeni ya kila moja alama yake ya kidole. Moja kati ya hizo alama nimeikosea kwa makusudi. Ingieni kwenye zote mbili. Atakayeandika yes mara mbili, chai ya leo ni juu yake.